Pedali ya freni inashuka: kupompa si kutengeneza

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya ndoa na ya kulea watoto, tunaingia ndani ya motokari. Musishangae. Baba anayetoka kazini, mama anayetoka soko ya Mwangeji, mutoto anayeenda masomo, wote wanapanda motokari ya mutu, na uzima wao unakaa chini ya muguu wa shofere.

Kijana mumoja, shofere wa taksi-busi, alituandikia hivi:

«Baba Pasta, motoka yenye niko natembesha, pedali ya freni iko inashuka. Nikikanyaga mara moja inaenda mubali, nikipompa mara mbili tatu njo inashika. Patro anasema: Endelea tu kupompa, mwisho wa mwezi tutaona. Minaogopa. Lakini minaogopa tena kupoteza kazi. Nifanye namna gani?»

Mutoto wangu, asante kwa barua. Nitakujibu, lakini mbele ya kukujibu ni lazima niungame jambo moja: mimi mwenyewe nilikuwa patro wa namna hiyo.

MAMBO YALIYONIPATA

Miaka kadhaa iliyopita, kanisa letu lilikuwa na motokari moja kuukuu ya kubebea wanakwaya. Shofere, kijana mwenye akili na heshima, alikuja kwangu siku ya posho moja, akasema: «Baba Pasta, pedali iko inashuka.» Nikamuliza: «Ukipompa, inashika?» Akajibu: «Inashika.» Nikasema: «Basi pompa. Kiisha mukutano wa vijana tutaipeleka kwa fundi.» Nikamupa feza ya kununua chupa ya mafuta ya freni. Kiisha siku tatu, chupa ingine. Kiisha siku nne, chupa ingine tena. Nikajiona mutu mwenye kusaidia.

Siku ya Yenga, tuliomba mbele ya safari, tukaimba, tukaenda Luilu. Wakati wa kurudi, mangaribi, mubaba mumoja aliyesukuma kinga yenye makala akakata barabara mbele yetu. Shofere akakanyaga: pedali ikaenda chini. Akapompa mara ya pili, mara ya tatu. Freni za mbele zikashika, lakini pahali pa kusimama palikuwa pamekwisha. Akarudisha vitesi, akavuta freni ya mukono, akageuza volani, tukaingia katika fungu la matofali kando ya barabara. Yule mubaba hakuguswa. Lakini binti mumoja wa kwaya alivunjika mukono, na mpaka leo ule mukono haunyooki vizuri.

Kesho yake fundi akatoa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Ndani yote ilikuwa maji-maji. Raba moja ndogo ilikuwa imekwisha, na mafuta yote niliyonunua yalitokea pale. Bei ya ile raba ilikuwa chini kuliko bei ya zile chupa zangu tatu.

Hatukukosa maombi siku ile, lakini maombi hayakuziba raba yenye kutoboka, na feza ya kununua nyingine ilikuwa katika mufuko wangu.

HESABU YA KUPOMPA

Watu wanasema: «Si inashika mara ya tatu?» Tufanye hesabu pamoja, ninyi vijana wa masomo mutusaidie. Motokari inayokimbia 60 kwa saa inakula karibu metre 17 kwa sekunde moja. Kama shofere anapoteza sekunde mbili kwa kupompa, metre 34 zimekwenda mbele freni haijaanza kazi. Metre 34 ni nyumba mbili ao tatu za kambi. Angalia barabara ya Musompo saa ya watu wengi, na kamio, na pikipiki, na watoto wanaouzisha maji. Ndani ya metre 34 kuko watu wangapi?

FRENI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Zamani za karne ya 17, Mufaransa Blaise Pascal alionyesha kwamba ukisukuma maji yaliyofungwa pahali pamoja, nguvu inafika pahali pote sawasawa. Mwaka 1917, Mumarekani Malcolm Loughead alipata hati ya kulinda ufundi wake wa freni za mafuta, na jina lake, likiandikwa Lockheed, lingali kwenye vitu vya freni mpaka leo. Mwaka 1921 kampuni Duesenberg ya Marekani iliweka freni za namna hiyo kwa magurudumu yote 4 ya motokari yake.

Muguu unasukuma pedali. Pedali inasukuma silindri kubwa, ile mafundi wanaita metre-silindri, yenye kukaa chini ya kapo pamoja na bokali ya mafuta. Silindri kubwa inatuma mafuta katika tiyo mpaka kwa magurudumu. Pale, mafuta yanasukuma plaketi zibane diski, ao yanafungua viatu vya freni ndani ya tamburi. Mafuta hayakubali kubanwa yawe madogo, ndiyo maana pedali nzuri ni ngumu. Hewa inakubali kubanwa. Kama hewa imeingia, muguu unabana hewa mbele ya kubana freni.

Motokari za sasa ziko na njia mbili za mafuta. Njia moja ikikufa, ingine inabaki. Hiyo ilituokoa siku ile: njia ya nyuma ilikuwa imekufa, ya mbele ikabaki. Lakini freni nusu si freni. Ni wakati tu wa kufika kwa fundi.

Neno moja kwa mashofere wa kamio kubwa zenye kubeba mawe ya mungodi mpaka Kasumbalesa: freni zenu zinatumia hewa, ile yenye kulia «psss». Ninyi muangalie saa ya hewa. Mashauri ya leo ni ya motokari ndogo na za taksi-busi.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Jaribio hili halilipishi feza, na hata mama anaweza kulifanya asubui, motokari ikiwa imesimama pahali pa usawa, imewekewa mawe kwa magurudumu.

Usiwashe motere. Kanyaga pedali mara tano ao sita, mpaka inakuwa ngumu. Sasa ikanyage kwa nguvu ya kawaida, uishikilie, uhesabu polepole mpaka 60.

Kama pedali inabaki juu, ngumu, haisogei, ni vizuri. Ukiendelea kuikanyaga, washa motere. Itashuka kidogo mara moja, halafu itasimama. Usiogope: ni servo, ile chungu kubwa nyeusi yenye kusaidia muguu, imeanza kazi. Vijana wengi wanapeleka motokari garaji juu ya kushuka huku kudogo, na huko wanauzishiwa vitu ambavyo havikuharibika.

Lakini kama wakati wa kuhesabu pedali inashuka polepole, sawa mutu anayesinzia, ao kama ni laini sawa unakanyaga matelasi, motokari ni mugonjwa. Sasa fungua kapo, angalia bokali. Iko na alama mbili, ya juu na ya chini. Tutofautishe magonjwa.

UGONJWA WA KWANZA: Pedali inashuka na mafuta yanapunguka

Hapa mafuta yanatoka inje. Hakuna jibu lingine. Mafuta ya freni hayachomeki sawa ya motere. Ni kweli kwamba yanashuka kidogo sana kwa miezi mingi, kwa sababu plaketi zinakwisha na silindri za magurudumu zinashika mafuta zaidi. Lakini kama unaongeza kila juma, kuko pahali panavuja.

Weka katoni kubwa chini ya motokari usiku. Asubui angalia doa liko karibu na gurudumu gani. Angalia upande wa ndani wa kila pine, nyuma ya tamburi, na fleksibo, ile tiyo ya mpira yenye kuingia kwa gurudumu. Kwa barabara zetu zenye mawe na mavumbi mekundu, fleksibo zinapasuka-pasuka, na mavumbi yanashikamana pahali penye mafuta. Doa la matope wakati wa kiangazi ni alama. Kama hauone kitu inje, fundi atoe tamburi, sababu raba za silindri ndogo zinavujia ndani, sawa ilivyotupata sisi.

Kuko pahali pengine pa siri: kati ya silindri kubwa na servo. Mafuta yanaingia ndani ya servo, chini hakuna doa, lakini bokali inapunguka. Mara ingine motere inavuta yale mafuta na moshi mweupe unatoka nyuma. Fundi afungue misumari miwili ya silindri kubwa, aivute kidogo mbele, aangalie kama nyuma yake kuko maji-maji.

UGONJWA WA PILI: Pedali inashuka lakini mafuta hayapunguki

Bokali iko sawa siku zote, magurudumu makavu, katoni kavu, lakini pedali inazama. Mara nyingi ni silindri kubwa yenyewe. Raba zake za ndani zimechoka. Mafuta yanapita kando yao na kurudi katika bokali. Ndiyo maana hayapunguki. Alama ingine: ukikanyaga kwa nguvu na kwa haraka inashika, lakini ukikanyaga polepole, sawa unapongojea kwa ronpwe, inazama.

Hapa usimuache fundi akubadilishie plaketi. Plaketi haina kosa. Silindri kubwa ifunguliwe. Kama ndani kungali laini, raba mupya zinaweza kutosha. Kama kuko kutu ao mikwaruzo, raba mupya zitakufa tena kiisha siku chache. Heri kununua silindri nzima. Katika motokari zenye ABS, mara chache ugonjwa unaweza kuwa ndani ya ile mashini ya ABS. Lakini tuanze na silindri kubwa.

UGONJWA WA TATU: Pedali haizami, lakini ni laini ao iko chini, na inapanda ukipompa

Kama ni laini yenye kuruka-ruka, ni hewa. Hewa haizaliwi yenyewe. Inaingia bokali ikikauka, ao fundi akifungua tiyo. Basi kama wametoa hewa leo na juma lijalo imerudi, hewa ni alama tu ya ugonjwa. Tafuta pahali inapoingilia.

Kama iko chini, lakini ukipompa inapanda na inakuwa ngumu kabisa bila kuruka-ruka, mara nyingi viatu vya nyuma viko mbali na tamburi, wavisogeze vizuri. Pia angalia kama gurudumu linatikisika: rulema ikiwa imelegea, diski inasukuma plaketi nyuma, na mukanyago wa kwanza unaenda bule.

Kama ni nzuri asubui, halafu kwenye mutelemuko murefu inakuwa laini, mafuta yamechemka. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa, zaidi wakati wa mvua. DOT 3 mupya haichemki mbele ya digri 205, lakini ikiisha kukunywa maji inaweza kuchemka kwa 140. DOT 4 ni 230, na yenye maji 155. Basi mafuta yabadilishwe yote karibu kila miaka miwili, na kwenye mutelemuko urudishe vitesi, motere isaidie kushika.

KUTOA HEWA

Watu wawili wanatosha. Anza na gurudumu lenye kuwa mbali zaidi na silindri kubwa. Kwa motokari zenye volani ya kuume, zile zenye kutoka Japani, kwa kawaida ni gurudumu la nyuma la kushoto. Kama kitabu cha motokari kinasema namna ingine, ufuate kitabu. Mumoja anakanyaga na kushikilia; mwingine anafungua kavisi kadogo, hewa na mafuta vinatoka kwa tiyo ndani ya chupa; anafunga; ndipo wa kwanza anaachilia. Usiachilie mbele ya kufunga. Usiache bokali ikauke. Na kwa motokari kuukuu, weka kipande cha ubao chini ya pedali isiende mpaka mwisho, sababu kule mwisho wa silindri kuko kutu ya miaka, itakata raba.

DAWA ZA UONGO

Niliyaona haya kwa macho yangu hapa Kolwezi. Mutu anatia maji ya sabuni katika bokali. Mutu anatia mafuta ya motere. Mutu anapiga tiyo ya gurudumu moja kwa nyundo ili ifungike, na kusema: «Iko tatu ingine.»

Maji yanaleta kutu na yanachemka upesi. Mafuta ya motere yanavimbisha raba zote za freni. Kiisha hapo si raba moja ya kununua, ni zote, na kusafisha tiyo zote. Na motokari yenye gurudumu moja limefungwa, siku ya kukanyaga kwa nguvu inavuta upande mumoja, inaweza kukuingiza chini ya kamio.

Nunua chupa iliyofungwa bado, soma namba juu ya kifuniko cha bokali: DOT 3 ao DOT 4. DOT 5 ni ya namna ingine, usiichanganye na hizo. Usinunue mafuta ya kupimiwa katika chupa ya soda. Na uangalie yasianguke juu ya rangi ya motokari: yanaibandua.

PEDALI IKIANGUKA KATIKATI YA SAFARI

Pompa kwa haraka. Hapa kupompa ni kuzuri, sababu unajiokoa. Rudisha vitesi kimoja kimoja. Kama ni otomatiki, weka kwa 2 ao L. Vuta freni ya mukono polepole ukiwa umebonyeza kile kifungo chake, usiivute kwa mara moja. Piga honi, washa taa. Usizime motere: volani itakuwa ngumu, na ukitoa ufunguo inaweza kufungika. Tafuta mupando, muchanga, majani. Na ukiisha kusimama, usiseme: «Nifike tu nyumbani.» Motokari ivutwe.

JIBU KWA KIJANA

Mutoto wangu, fanya lile jaribio la dakika moja mbele ya patro. Usimuambie tu «minaogopa». Muambie aweke muguu wake mwenyewe, ahesabu mpaka 60. Mufungulie kapo, umuonyeshe bokali. Kiisha umuambie kwa heshima: «Muzee, kupotea kwa feza ya siku moja ni kudogo kuliko feza ya hospitali.» Mapatro wengi si watu wabaya; hawakai pale pedali iko. Mimi sikukaa pale. Kama shofere wangu angenikalisha kwenye kiti chake dakika moja, labda ningeelewa.

Na kama anakataa? Basi acha ufunguo juu ya meza. Ninajua kazi ni ngumu kupata, na ninajua njaa ya nyumba. Lakini siku ya hatari polisi haitauliza ni nani alisema «pompa». Itauliza ni nani alikuwa kwenye volani. Njoo kwa mupashi wa kanisa lako, njoo kwa wazee, wakusindikize kwa patro. Muzee anaweza kusikia muzee mwenzake.

Na ninyi mapatro, na sisi wapasta wenye motokari za kanisa: shofere akisema pedali inashuka, amekwisha kufanya kazi yake. Inayobaki ni yetu. Kila siku ya Yenga binti yule anaimba katika safu ya pili. Wengine wanapoinua mikono yote miwili, yeye anainua mumoja vizuri, na mwingine unabaki umepinda. Hajaninenea neno baya hata siku moja. Ni heri angenena.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, ni nani anaangalia bokali ya freni, na mara ya mwisho ilikuwa siku gani?
2. Pedali inazama lakini mafuta hayapunguki: ni kitu gani kimechoka?
3. Ukiwa ndani ya taksi na unaona shofere anapompa mara tatu ili asimame, utasema neno gani, na utalisema namna gani bila kumupatisha haya?

Mubaki salama, na safari njema.